Lori Jeusi Tii: Uza Weusi, Usiuze Giza

Leo naongea na nyie mnaouza urembo wa magari mtandaoni, hasa wenye wateja kwenye ile barabara ya Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, mpaka Rusumo na Kabanga. Mimi niko huku huku, nauza stika, rangi za kopo, vifuniko vya nati na reflekta. Ombi ninalolipata sana inbox ni hili: "Bosi, lori langu jeusi, nataka liwe jeusi lote. Nikeli zote zipotee, rimu nyeusi, taa nyeusi, vioo vyeusi tii."

Msimamo wangu ni huu: nusu ya ombi hilo ni biashara nzuri sana. Nusu nyingine usiiuze, hata mteja akiongeza hela.

Tuanze na nusu nzuri. Lori ambalo tayari ni jeusi ni rahisi kulihudumia. Kadi ya gari inaandika rangi, na ukibadilisha rangi ya gari zima lazima TRA wajulishwe na kadi irekebishwe. Kwa lori jeusi hakuna hiyo safari. Unagusa vitu vidogo tu: shoo ya mbele, nembo, bampa, vitasa, migongo ya vioo vya pembeni, vifuniko vya nati. Mtaji wake mdogo, mzigo unaingia kwenye boksi moja, unapanda basi, mteja anapokea Biharamulo mjini au Ngara.

Ila muuze mteja na maelezo, msimuuzie kopo tupu.

1. Nikeli haishiki rangi hivi hivi. Isuguliwe msasa kwanza mpaka mng'ao ufe, ipigwe praima, ndio rangi ije. Fundi akiruka hatua hiyo, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, na atakayetukanwa ni wewe uliyeuza.

2. Muulize anataka weusi wa kung'aa au usiong'aa. Usiong'aa unapendeza, lakini kwa vumbi jekundu la huku unaonyesha kila kitu, na huwezi kuupolishi kama rangi ya kawaida kwa sababu utaanza kung'aa mabaka mabaka. Kwa gari linalokwenda porini kuchukua mzigo, mimi nashauri wa kung'aa.

3. Stika isioshwe kwa presha karibu na kingo. Maji yanaingia chini, kona inanyanyuka, basi imeisha hiyo.

4. Rimu ndizo zinahitaji umakini kuliko vyote. Rangi isiingie pale nati inapokalia, wala kwenye uso wa rimu unaogusana na habu. Rangi nene ikikaa hapo, gari likitembea inasagika, nafasi inabaki, nati zinalegea. Mwambie mteja sehemu hizo zizibwe kabla ya kupuliza, na nati zikazwe tena baada ya safari fupi ya kwanza. Na kama ameweka vifuniko vya nati, awe anavitoa na kukagua.

Sasa nusu ya pili: filamu nyeusi ya taa, tinti ya kioo cha mbele, plastiki nyeusi ya kufunika namba za gari, na kuondoa au kupaka reflekta. Hivi mimi siviweki dukani.

Sababu yake iko barabarani. Hii ndiyo njia ya mizigo ya Rwanda na Burundi, malori yanatembea usiku na mchana. Kuna sehemu ndefu hazina taa hata moja, na pembeni kuna hifadhi ya Burigi-Chato, wanyama wanaweza kukatiza muda wowote. Gari likiharibika, mnajua wenyewe, dereva anakata matawi anayapanga barabarani. Sasa weka lori jeusi, taa za nyuma zimefunikwa filamu, reflekta zimepakwa, limesimama kwenye kona saa nane usiku. Anayekuja nyuma na Noah imejaa abiria ataliona akiwa hatua ngapi?

Filamu ya taa inakula mwanga, hakuna ya kubishana hapo. Breki inayoonekana vizuri mchana bila filamu, yenye filamu inafifia kwenye jua na kwenye mvua. Na kwa vioo, kumbukeni mapori ya ukanda huu yalivyokuwa: kwa miaka magari yalisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Askari wa huku anataka kuona nani yuko ndani. Mteja wako mwenye kioo cheusi mbele atasimamishwa kila kizuizi, na muda wa dereva ni pesa.

Najua mtasema, "Nisipouza mimi atauza mwingine." Sawa, auze. Mteja wa lori sio wa kununua mara moja. Ana mwenye gari juu yake, ana madereva wenzake, wote wako kwenye magrupu ya WhatsApp. Lori likigongwa nyuma, swali la kwanza litakuwa ile filamu alinunua kwa nani.

Mimi huwa najibu hivi: "Kaka, taa na kioo cha mbele tuviache. Nakupa shoo, bampa, vitasa na vifuniko vya nati, vyote vyeusi, na reflekta mpya safi. Mchana linapendeza, usiku linaonekana." Reflekta naiweka ndani ya bei ya seti, siiuzi pembeni, maana ukiiuza pembeni ndiyo ya kwanza kukatwa. Na kwenye bodi nyeusi, ule mstari mwekundu na mweupe hauharibu muonekano kabisa. Unaupa lori umbo.

La mwisho, picha. Gari jeusi linasumbua wengi. Saa sita mchana linageuka kioo, linaonyesha mawingu na wewe uliyeshika simu. Piga asubuhi mapema au jioni, simama kwa pembeni kidogo, usisimame mbele kabisa. Simu hupenda kuufanya weusi uwe kijivu, kwa hiyo gusa sehemu nyeusi kwenye skrini halafu shusha mwanga kidogo. Kisha piga picha moja usiku, taa za gari lingine zikilimulika kwa nyuma, reflekta zikiwaka. Hiyo iweke ya kwanza kwenye posti. Mwenye lori akiiona anaelewa unajua unachouza.

Biashara njema, na safari njema kwa wateja wetu.