Wanatuuzia ekrani, mlango unafungukia barabarani

Matangazo ya magari yanayopita kila siku katika makundi ya WhatsApp ya Butembo, Beni na Bunia yanafanana kama mapacha. Picha ya mbele, picha ya nyuma, viti vya ngozi, ekrani kubwa kando ya volani, matairi yanayong'aa, kisha picha ya kilometa. Chini yake maneno ni yale yale: gari limetoka Japani, halijakanyaga Afrika, klima baridi, kamera ya nyuma, linawaka kwa kubonyeza tu, “fulu opsioni”. Mwisho kabisa bei kwa dola na namba ya simu ya komisioneri.

Sina neno na mtu anayetafuta chakula cha watoto wake kwa kuuza magari. Ni kazi kama kazi nyingine, na katika Butembo biashara ndiyo imejenga muji. Ninachouliza ni kuhusu mambo ambayo tangazo halisemi, na nitaanza na lile ninaloliona zito kuliko yote: mlango wa taksibisi.

Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Abiria wa kule anashuka upande wa kushoto, mahali wanapopita watu wa miguu. Ndiyo sababu Hiace nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina mlango mmoja tu wa kusukuma, nao uko kushoto. Sisi, kwa sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, tunaendesha upande wa kuume. Gari lile lile likifika hapa na kusimama pembeni, mlango wake unatazama katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni mkononi anashukia pale pale motari wanapopita, pale pale lori la kutoka Kasindi linapopita. Konvoyeri anatangulia kushuka, ananyoosha mkono na kusimamisha magari kwa kiganja. Usalama wetu wote uko katika kiganja hicho.

Soma matangazo ya Hiace uone. Wanaandika idadi ya viti, wanaandika kama mota ni ya mazutu au ya esanse, wanaandika kama kuna radio. Upande wa mlango hawaandiki. Mnunuzi naye haulizi, kwani yeye hatashuka kwa mlango huo. Yeye ni mwenye gari. Jioni anangojea hesabu kutoka kwa dereva. Anayeshukia barabarani ni mwanafunzi, muuza fretini, mzee anayerudi hospitali, na hao hakuna anayewaonyesha picha sita kabla ya kununua.

Jambo la pili ni taa. Taa za mbele za gari la Japani zimewekwa ili zimulike zaidi pembeni upande wa kushoto, mahali kulipo watu wa miguu wa kule, bila kumwumiza macho dereva anayekuja upande wa kuume. Kwetu anayekuja yuko upande wa kushoto. Basi mwanga uliopangiwa kumulika majani ya pembeni unampiga usoni dereva mwenzako, hata kama umeshusha taa kama sheria inavyotaka. Wengi wanafikiri yule anayekuja ni mtu asiye na adabu. Mara nyingi ni taa tu, inafanya kazi iliyofanyiwa, katika inchi isiyo yake.

Halafu kuna volani yenyewe. Dereva aliyeketi kuume, akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake iwe imekwisha kutoka upande wake. Anamuuliza aliyeketi kushoto: “Iko wazi?” Abiria ambaye labda hajawahi kushika volani maisha yake yote ndiye anayeamua. Kwa barabara zetu za mashimo, mwendo mdogo ulituokoa mara nyingi. Lakini mwaka 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale Kasindi na Mpondwe mradi wa barabara za kilomita 223, ndani yake ikiwemo Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Sote tunataka lami. Lami ikifika, na mwendo utafika, na lile swali la “iko wazi?” litaulizwa kwa kilometa 90 kwa saa.

Wapo watakaosema: basi serikali ikataze magari hayo, tumalize. Rwanda, ambayo inaendesha kuume kama sisi, ilikwisha kukataza kuingiza magari madogo ya volani ya kuume. Kinshasa nako wazo hilo limezungumzwa. Mimi siliungi mkono, kwa sababu ya bei. Huko Japani gari jipya linapimwa baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2, na vipimo hivyo vinagharimu feza nyingi. Wenye magari wengi wanaona afadhali kuuza mapema. Ndipo gari zima, lililotunzwa, linashuka mpaka bei ambayo mwalimu au muuguzi wa kwetu, kwa likelemba na deni la ndugu, anaweza kuifikia. Inapitia Mombasa au Dar es Salaam, inavuka inchi zinazoendesha kushoto, na inafika kwetu bila mtu yeyote njiani kuona kwamba kuna shida. Umoja wa Mataifa ulihesabu magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliyouzwa inje kati ya 2015 na 2018, mengi yakitoka Ulaya, Japani na Marekani. Huo ni mto mkubwa. Ukiuziba kwa siku moja, atakayeumia wa kwanza ni mwenye Ist moja anayelisha nyumba mbili.

Kinshasa walipata njia yao: Toyota Ist zile wanazoziita “Ketch” zinahamishwa volani kutoka kuume kwenda kushoto. Inawezekana. Lakini unapoambiwa “volani imekwisha hamishwa”, uliza maswali mawili ambayo komisioneri hapendi. Nani alikata na kuunganisha vyuma vinavyogeuza matairi? Na mfuko wa hewa, ule unaofunguka ajali ikitokea, uko upande gani sasa, na bado unafanya kazi? Fundi mzuri atakujibu bila kukasirika.

Sasa nije kwa vitu vipya vinavyosifiwa. Ekrani kubwa, kwa mfano. Imeandikwa Kijapani, ramani yake inakuonyesha njia za Osaka, na radio yake inashika FM ya Japani, ambayo inaanzia 76 na kuishia 95. Radio Okapi ya Goma iko 105.2, ya Bukavu 95.3. Umenunua gari la “fulu opsioni” lisiloweza kukupa habari za kwenu mpaka uongeze kifaa kingine. Hilo ni la kucheka, halimuui mtu.

Lisilo la kuchekesha ni hibridi. Toyota Prius ya kwanza ilitoka mwaka 1997, Aqua mwaka 2011, na sasa zinaanza kuonekana kwetu kwa neno moja tamu: “hainywi esanse”. Ni kweli kwamba inakunywa kidogo, zaidi sana ndani ya muji mahali pa kusimama na kuondoka. Lakini ndani yake kuna batri kubwa, ya Prius inafikia karibu volti 200, na batri hiyo inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi la kwetu linaijua njia hiyo. Ukiweka mfuko wa makala au ukatupa koti juu ya tundu lile, au usipolisafisha chujio lake kwa miezi mingi, batri inapata moto na kuanza kufa. Hakuna muuzaji niliyemsikia akimwonyesha mteja tundu hilo. Wanaonyesha kamera. Tena fundi asiyejifunza kazi hiyo akitia mkono kwenye nyaya za rangi ya machungwa, anacheza na umeme unaoweza kumuua. Kabla ya kulipa avansi, uliza: katika muji huu, nani anatengeneza hibridi, na garaji lake liko wapi? Kama jibu ni Kampala, ongeza bei ya safari ya Kampala juu ya bei ya gari.

Na kilometa? Picha ile ya kilometa elfu sitini isikulevye. Namba ile inarudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Kitu kisichorudishwa kwa urahisi ni karatasi ya mnada. Gari likiuzwa kwenye mnada wa Japani, mkaguzi analiandikia karatasi: alama kama 4.5, 4 au 3.5, kilometa za siku ile, na mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi. Ukiona R au RA mahali pa alama, gari hilo lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi inaweza kughushiwa pia, lakini ukiwa na namba ya shasi, kuna wanaoitafuta ile ya kweli kwa malipo madogo kupitia intaneti. Komisioneri akisema “karatasi ilipotea”, mwambie wewe utangojea ipatikane.

Haya yote mnunuzi mmoja mmoja anaweza kuyafanya kwa gari lake la nyumbani. Mlango wa Hiace hauwezi kuachiwa mnunuzi, kwa sababu kama nilivyosema si yeye anayeushukia. Hapo ninawageukia wenye nguvu. FEC ya Butembo ina wanachama wanaoleta magari. Inaweza kuwaomba kuandika katika kila tangazo la gari la abiria upande wa mlango na upande wa volani, kama wanavyoandika mwaka na rangi. Hilo halidai sheria mpya wala dola moja. ACCO nayo, inayotetea madereva, ingeweza kusema wazi kwamba taksibisi yenye mlango wa kushoto isishushe abiria kwenye barabara kubwa, ishushie ndani ya parkingi tu. Polisi wa barabarani wanaosimamisha gari kwa karatasi moja inayokosekana wangepata kazi yenye maana zaidi.

Kuhusu magari yanayokuja, njia ipo na wafanyabiashara wetu wanaijua vizuri kuliko mimi. Wanakwenda Dubai kwa vitambaa, simu na mabati. Dubai inaendesha kuume kama sisi. Toyota inatengeneza Hiace za volani ya kushoto na mlango wa kuume kwa ajili ya inchi kama ile. Hata Ist ya pili, ile iliyoanza 2007, iliuzwa Ulaya kwa jina la Urban Cruiser, volani kushoto. Na Vitz ni ndugu ya Yaris ya Ulaya. Kinachozuia ni bei: gari la namna hiyo ni ghali kuliko lile la mnada wa Japani, na mwenye taksibisi anahesabu franka kwa franka.

Hapo ndipo duane inaweza kusaidia. Leo anayelipia Hiace pale Kasindi anatazamwa kwa thamani ya gari, na kwa kuwa lenye mlango wa kuume ni ghali zaidi, anaadhibiwa kwa kuleta lililo salama. Serikali ingeweza kupunguza ushuru kwa magari ya abiria yenye mlango upande wa kuume, kwa miaka michache tu, mpaka bei zikaribiane, na kuanza kuyakatalia plaki ya usafiri wa watu yale mengine yanayoingia mapya. Yaliyokwisha kuingia yamalize maisha yake, yakishushia abiria ndani ya parkingi. Wabunge wetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri wanapita barabara hizi wakirudi likizo. Wengine wao wana taksibisi. Swali hili wanaweza kulipeleka Kinshasa wakati bajeti ya mwaka ujao inapojadiliwa, na wapiga kura waliowahi kushuka kwenye Hiace pembeni ya barabara ya Beni wanaweza kuwauliza walirudi na jibu gani.