MAMBO YA NYUMBANI: Hesabu ya Majuma Arobaini

Mkulima hodari afugaye ng'ombe wa maziwa huwa na daftari. Siku ng'ombe wake anapopandwa na fahali, au anapotiwa mbegu na bwana mifugo, huiandika tarehe hiyo, kisha huhesabu siku zipatazo 280 mbele yake, akajua ndama atazaliwa lini. Miezi miwili kabla ya siku hiyo huacha kumkamua ng'ombe, humwongezea majani mazuri, na humtengea mahali pakavu pa kuzalia. Hapana amwonaye mkulima huyo kuwa mtu wa ajabu. Jirani zake humsifu kwa akili yake.

Lakini mwulizeni mkulima huyo huyo mkewe ana mimba ya majuma mangapi, naye atajikuna kichwa na kusema, "Nadhani ni miezi sita, au labda saba." Habari za ng'ombe zimo katika daftari, habari za mama wa watoto wake hazimo.

Kosa hilo kwa kawaida halitokani na dharau, bali latokana na desturi. Katika nyumba nyingi mimba haisemwi mapema, kwa kuogopa kijicho na maneno ya watu, na tena wanaume hudhani kwamba hesabu hiyo ni kazi ya wanawake peke yao. Desturi ya kunyamaza ina heshima yake. Walakini kuandika tarehe si kutangaza sokoni. Daftari hufungwa likawekwa sandukuni, na siri ikabaki kuwa siri ya watu wawili. Faida yake ni kubwa, kama itakavyoonekana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Majuma ya mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama, nayo ni majuma 40, yaani siku 280. Mwenye kutaka kuijua siku ya kujifungua huongeza siku 7 juu ya tarehe hiyo, kisha hurudi nyuma miezi mitatu, na mwaka husogea mbele. Ikiwa hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari, basi mtoto hutazamiwa karibu na tarehe 17 Oktoba. Ni watoto wachache wazaliwao siku ile ile hasa. Wengi huja katika majuma mawili kabla yake au baada yake. Njia hii yawafaa zaidi wanawake ambao hedhi yao huja kwa utaratibu kila mwezi. Asiyekuwa hivyo, au aliyesahau tarehe, yafaa aende hospitali mapema apigwe picha ya tumbo, kwa maana picha ya miezi mitatu ya kwanza hutoa hesabu iliyo sahihi kuliko ile inayopigwa tumbo likiwa limekwisha kuwa kubwa.

Sasa yatazamwe majuma yenyewe. Katika majuma 2 ya kwanza mimba haijakuwapo bado, ila mwili unajitayarisha. Baadaye yai hutoka, likakutana na mbegu ya mume, na ifikapo juma la 4 mimba imejishikiza ndani ya tumbo la uzazi. Mama hukosa hedhi, naye huenda asisikie jambo jingine ila uchovu na maumivu ya matiti.

Katika juma la 6 mtoto hajafikia ukubwa wa punje ya mahindi, lakini moyo wake umekwisha anza kupiga. Tena ule mfereji mdogo ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo umekwisha jifunga, au umekosa kujifunga. Na ukikosa, mtoto huzaliwa na kilema kibaya cha mgongo au cha kichwa. Kinachosaidia mfereji huo kujifunga vema ni foliki asidi, iliyomo katika mboga za majani kama vile mchicha, sukuma wiki na managu, na katika maharagwe, kunde na dengu. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda vya unga waitie katika unga wa mahindi na wa ngano ulio katika pakiti. Lakini mahindi ya shambani yanayosagwa kwa mashine ya kijijini hayatiwi kitu. Kwa hiyo mwanamke anayetumaini kupata mimba aanze kumeza vidonge vyake kabla, asingoje tumbo lionekane.

Ifikapo juma la 8 mtoto ana ukubwa wa haragwe, na vidole vyaanza kutokea. Huu ndio wakati wa kichefuchefu. Mama hukichukia chakula alichokipenda, naye husaidiwa kwa kula kidogo kidogo mara nyingi. Lakini yule atapikaye kila kitu hata maji, asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya kawaida. Na apelekwe hospitali.

Katika juma la 12 mtoto ana urefu wa sentimita 5 au 6 toka utosini hata matakoni. Viungo vyake vikubwa vyote vimekwisha umbwa, na kazi iliyobaki ni kukua na kukomaa. Hapa pana jambo la kufikiriwa. Wakati ambao pombe, tumbako, na dawa zinazonunuliwa dukani bila shauri la daktari zaweza kuharibu viungo vya mtoto zaidi ni yale majuma ya kwanza, ambapo mama asiyehesabu huenda hajui hata kama ana mimba.

Kabla ya juma la 12 kwisha, mama awe amekwisha fika kliniki mara ya kwanza. Hapo damu yake hupimwa ijulikane ni ya kundi gani, kama inatosha, na kama haina kaswende wala virusi vya UKIMWI. Magonjwa hayo mawili yakigunduliwa mapema, mama hupewa dawa, na mtoto aweza kuzaliwa salama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonane na wauguzi mara 8: karibu na majuma ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Wakaao Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria ni nyingi, hupewa pia tembe za kuizuia baada ya juma la 13, nao hupaswa kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Kati ya juma la 16 na la 20 mama husikia mtoto akicheza. Aliyekwisha kuzaa hutambua mapema. Mwenye mimba ya kwanza huenda asitambue mpaka juma la 20. Siku hiyo nayo iandikwe. Katika juma la 20 tumbo la uzazi limefika kitovuni, na mtoto ana uzito wa gramu 300 na zaidi. Kichefuchefu kwa kawaida kimekwisha, na hamu ya chakula imerudi.

Tangu hapo mwili wa mama hufanya kazi ambayo mtu wa nje haioni. Damu yake huongezeka hata karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo zamani, na moyo hupiga upesi zaidi ili kuisukuma. Ndiyo sababu mama huhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila taabu, na ndiyo sababu hupewa vidonge vya chuma. Vidonge hivyo huenda vikamfunga choo au kukifanya cheusi. Hilo halina madhara, wala si sababu ya kuviacha. Lakini chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini. Kikombe hicho kingoje saa moja au mbili.

Mtoto wa juma la 24 husikia sauti ya mama yake. Katika juma la 28 hufumbua macho, na uzito wake ni kadiri ya kilo 1. Katika juma la 32 amekaribia kilo 1 na robo tatu. Mama sasa hulala kwa shida, kiungulia humsumbua, na mgongo humwuma. Ifikapo juma la 36 kilele cha tumbo kimefika chini ya kifua, na watoto wengi wamekwisha geuza kichwa chini. Kati ya juma la 39 na la 40 mtoto amekomaa kabisa, na wengi huwa na uzito wa kilo 3 au zaidi kidogo.

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa mtoto hukua mwenyewe, juma kwa juma, bila kuangalia daftari, hesabu ya nini? Jibu lake laonekana katika mfano ufuatao, ambao si wa mtu mmoja bali ni wa wengi.

Mama mmoja anashikwa na uchungu usiku. Tumbo lake ni kubwa kiasi, na wakwe zake wanasema, "Saa yake imefika." Wanampashia maji moto na kungoja. Kumbe mimba yake ni ya majuma 31. Mapafu ya mtoto wa umri huo hayajawa tayari kuvuta hewa, kwa maana kile kitu kinachoyazuia yasishikamane hakijatosha mpaka karibu na juma la 35. Mtoto anazaliwa, analia kwa sauti ndogo, anahema kwa taabu, na kabla ya mapambazuko ametulia. Watu husema, "Ni kazi ya Mungu," na hapana alaumiwaye.

Lakini iko sindano ambayo mama aweza kudungwa hospitalini, uchungu ukianza kati ya juma la 24 na la 34, ili mapafu ya mtoto yakomazwe upesi kabla hajazaliwa. Sindano hiyo huokoa maisha ya wengi. Daktari, kabla ya kuidunga, huuliza swali moja: "Ni majuma mangapi?" Mwenye kujibu, "Majuma 31, na tarehe hii hapa," amempa daktari njia. Mwenye kujibu, "Labda miezi saba, au minane," amemwacha gizani, kwa kuwa dawa imfaayo wa majuma 31 si shauri la kumpa wa majuma 38.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengine pia. Mkunga huchukua utepe kama ule wa fundi cherehani, akapima tumbo toka mfupa wa chini hata kilele. Baada ya juma la 20, sentimita hizo hukaribiana na idadi ya majuma, zikipungua au kuzidi kwa 2 tu. Sentimita 26 katika juma la 27 ni habari njema. Sentimita 26 katika juma la 33 ni onyo kwamba huenda mtoto hakui. Utepe ni ule ule na kipimo ni kile kile. Hesabu ndiyo inayosema. Vivyo hivyo mimba iliyopita juma la 41 yataka kuangaliwa hospitalini, maana mtoto akikawia mno hatari humzidia. Asiyehesabu hawezi kujua kwamba amechelewa.

Aidha ziko dalili ambazo hazingojei siku ya kliniki. Damu ikitoka, hata ikiwa kidogo, kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu, uso na mikono ikavimba, hasa baada ya juma la 20, maana hayo huwa mwanzo wa kifafa cha mimba, homa, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto aliyekuwa akicheza vizuri kupunguza mchezo wake: mojawapo likitokea, safari ya hospitali ni saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye busara huanua nguo kabla haijanyesha.

Kwa hiyo kazi ya mume yajulikana. Kwanza, aandike tarehe pamoja na mkewe, na atambue kila juma jipya linapoanza. Pili, ampe nafasi ya kwenda kliniki, na akiweza afuatane naye. Kijitabu cha mama na mtoto anachopewa huko kisiachwe kwa watoto wachezee. Kikae pamoja na hati ya shamba. Tatu, kabla ya juma la 36 awe amekwisha weka akiba ya nauli, amepatana na mwenye gari, na amejua ni nani katika jamaa awezaye kutoa damu ikihitajika. Nne, mtungi wa maji na mzigo wa kuni uchukuliwe na mtu mwingine katika majuma ya mwisho. Karani akaaye mjini, ambaye mkewe yuko shambani, hasamehewi, na apige simu, aulize majuma kwa hesabu yake, wala asitosheke na jibu la "tu wazima."

Yule mkulima wa daftari hahitaji kufundishwa jambo jipya. Kuhesabu ajua, kuandika ajua, na kumpumzisha mwenye mimba miezi miwili kabla ya kuzaa alikwisha kujua zamani kwa ajili ya ng'ombe wake. Kilichobaki ni kufunua ukurasa mwingine wa daftari lile lile, na jioni hii, watoto wakiisha kulala, kumwuliza mkewe kwa sauti ya upole hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe ngapi.