TUSIMWITE MVIVU KABLA YA KUTAZAMA ANAPOFANYIA KAZI

Maneno yanayosikika sana siku hizi, mikutanoni na mabarazani, ni kwamba mfanyakazi wetu ni mvivu. Ati karani hamalizi mafaili yake, ati fundi anasinzia saa nane mchana, ati mwalimu hasahihishi madaftari kwa wakati. Wasemao hivyo ni wengi. Baadhi yao ni wakubwa wa kazi, na baadhi ni wanachama wenzetu. Sisi hatuna nia ya kumtetea mvivu. Lakini twauliza swali moja tu: Je, hao wanaolaumu wamepata kwenda kutazama mahali anapofanyia kazi mtu wanayemlaumu?

Twauliza kwa sababu lawama hii si ngeni. Wazee wetu waliisikia katika enzi ya kipande. Mwenye shamba aliyekaa kivulini alisema kwamba Mwafrika hapendi kazi, na aliyesemwa alikuwa juani akikata katani tangu alfajiri. Hakuna aliyemwuliza mwenye shamba kama yeye angeweza kukata mafungu mangapi katika jua lile. Mkoloni alikwenda zake, na bendera yake ikashushwa. La kusikitisha ni kwamba maneno yake yalibaki, na leo twayasema sisi kwa sisi.

Tutazame mambo ya hakika. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya joto na kazi. Taarifa hiyo ilisema kwamba joto linapofika nyuzi 33 au 34 za Sentigredi, mtu anayefanya kazi ya nguvu ya wastani hupoteza nusu ya uwezo wake wa kufanya kazi. Nusu nzima! Ikakadiria pia kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itakuwa inapoteza asilimia 2.2 ya saa zake zote za kazi kwa sababu ya joto, sawa na kazi za watu milioni 80. Watakaoumia zaidi ni wakulima na wajenzi, yaani watu wa nchi kama zetu.

Sasa, ndugu msomaji, mchukue fundi aliye chini ya paa la bati lisilo na dari, katika mji wa pwani, mwezi wa Februari. Dirisha ni moja, nalo limezibwa na marobota. Maji ya kunywa hayapo, mpaka atoke akanunue. Huyu akisinzia saa nane mchana, je, ni uvivu? Mwili wa binadamu hauna chama wala kabila. Ukipata joto kupita kiasi hupunguza kazi ili usife. Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika, wote ni hivyo hivyo.

Wala shida si joto peke yake. Mchukue karani wa masjala ambaye mafaili yake yamerundikwa sakafuni kwa kukosa rafu. Akiombwa faili moja hulitafuta saa nzima, huku wananchi kumi wamepanga mstari nje wakinung'unika. Karani huyo hakukaa bure. Amefanya kazi kwa jasho, lakini bidii yake imeliwa na chumba. Mchukue mwalimu asiye na meza, ambaye husahihisha madaftari juu ya mapaja yake. Mchukue mama anayeshona katika chumba chenye taa moja hafifu: macho yanauma, mshono unapinda, kazi inafumuliwa na kuanzwa tena. Kila mmoja wao analipwa kwa siku nzima, na Taifa linapata nusu siku. Hasara hiyo ni yetu sote.

Watu watatuambia kwamba nchi ni maskini, na kwamba mambo haya ni anasa ya matajiri. Sivyo. Fundi cherehani wa mtaani hakusoma taarifa yoyote, lakini huweka cherehani yake barazani kwa kuwa mwanga na hewa viko barazani. Seremala hupiga randa chini ya mwembe. Mababu zetu wa Lamu na Unguja walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, mabaraza, na njia nyembamba zenye kivuli, ili watu wakae na kufanya shughuli zao bila kuchomwa na jua. Leo sisi twajenga majumba ya vioo yanayokusanya jua kama tanuri, kisha twanunua umeme wa kuyapoza. Umeme ukikatika, kazi imekwisha. Ni nani hapo anayependa anasa?

Na tutoe mfano wa nchi nyingine yenye joto. Katika viwanda vya nguo vya Bangalore, huko India, taa za zamani ziliondolewa zikawekwa taa za LED. Nia ilikuwa kupunguza matumizi ya umeme. Wachunguzi walipolinganisha hesabu za kazi wakaona jambo jingine: katika siku za joto kali, washonaji walitoa kazi nyingi kuliko walivyokuwa wakitoa siku kama hizo hapo kwanza. Sababu ni nyepesi. Taa za LED hazitoi joto jingi kama zile za zamani. Watu walikuwa wale wale na mashine zile zile. Kilichobadilika kilikuwa taa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba taa na feni ndiyo mwisho wa maneno. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago huko Marekani, majaribio yalifanywa kati ya mwaka 1924 na 1932. Wachunguzi waliongeza mwanga, na kazi ikaongezeka. Wakapunguza mwanga, na mara nyingine kazi ikaongezeka vile vile! Wakashangaa. Baadaye wakaweka kikundi kidogo cha wanawake katika chumba chao, wakawapa nafasi za kupumzika, wakazungumza nao na kuwauliza mawazo yao, na kazi ikapanda. Wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya maana ya majaribio hayo, na hatusemi kwamba mwanga hauna maana. Lakini kuna fundisho ambalo kila mfanyakazi analijua bila kwenda Chicago: mahali pa kazi si kuta na paa tu. Ni pamoja na namna mtu anavyotendewa ndani ya kuta hizo. Msimamizi anayetukana watu kutwa anaharibu kazi kama paa linalovuja.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Katika ofisi nyingi raha hugawanywa kwa kufuata cheo, haifuati kazi. Chumba cha mkubwa kina mashine ya baridi, zulia, na kiti kinachozunguka, naye kutwa yuko safarini au mkutanoni. Chumba cha makarani, ambamo kazi yenyewe hufanyika, kina feni mbovu. Lee Kuan Yew alipoongoza Singapore, nchi yenye joto kama pwani yetu, alieleza kwamba miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kuweka mashine za baridi katika majengo ya watumishi wa serikali, ili kazi ya serikali iende. Si kila nchi inayoweza kununua mashine hizo kwa kila ofisi. Lakini kila nchi inaweza kuuliza: kidogo tulicho nacho, tukiweke wapi kilete kazi nyingi?

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Mwezi Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, huko Geneva, uliweka mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi. Basi anayedai hewa, maji, choo na mwanga haombi hisani. Anadai haki yake.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, kila mkubwa wa kazi akae siku moja nzima katika chumba chenye joto na shida kuliko vyote alivyo navyo, ajaribu kufanya kazi humo, ndipo azungumze juu ya uvivu. Pili, lianzwe na lile lisilo na gharama kubwa: madirisha yafunguliwe, marobota yaondolewe, mtungi wa maji uwekwe, rafu zipigwe na seremala wa hapa hapa, kazi nzito ifanywe asubuhi kabla jua halijawa kali. Tatu, wafanyakazi waulizwe, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nne, kila tawi la Chama litazame ofisi yake lenyewe kabla ya kuwanyooshea wengine kidole.

Na kwenu, ndugu wafanyakazi, twasema vile vile bila kuficha. Mahali pakitengenezwa, udhuru umekwisha. Atakayepewa hewa, mwanga, maji na heshima, kisha akaendelea kulala, huyo tutamwita kwa jina lake, wala hatutamwonea haya. Lakini kabla ya siku hiyo, neno "mvivu" lisitamkwe ovyo na watu waliokaa kivulini.

Taifa hujengwa na mikono na akili za watu. Tuipe mikono hiyo mahali pa kufanyia kazi.