Alama moja inayotuhusu

Batumikaji wenzetu, toka Novemba 2025 luga ya kompyuta PHP, toleo 8.5, iko na alama mpya: |>. Batoto wetu wanaosoma informatiki walituonyesha. Mbele uliandika kataKodi(ongezaUsiku($mshahara)): kodi inaonekana ya kwanza, kumbe inakuya ya mwisho. Sasa ni $mshahara |> ongezaUsiku(...) |> kataKodi(...), sawa majiwe ku banda: yanavunjwa, kisha yanasagwa. Zile nukta tatu zinasumbua macho, kweli. Lakini wanaosema ni mapambo tu, hatukubaliani nao. Fishi zetu za malipo zinatoka mu programu. Mwezi uliopita saa za usiku za wenzetu zilipotea njiani, delege wetu akashindwa kuonyesha wapi. Tungeonyeshwa mstari kama huu, angetia kidole hapo hapo.