Mapezi Yakioza, Tuanze na Maji

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Hapa Nyeri, baridi ya gathano humfanya hata jogoo achelewe kuwika. Leo siandiki juu ya nidhamu wala mitihani. Nataka kuzungumzia samaki, hasa mapezi yao yanapochanika na kuoza. Usicheke! Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi uliolenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, na tangu hapo wazazi wengi wa huku wamejaribu kufuga ngege na kambare. Shuleni nako kuna wenzetu wanaopenda betta, yule samaki wa mapambo mwenye mapezi marefu kama leso inayopepea. Ugonjwa wa mapezi hauchagui. Huwapata wa karo na wa mapambo.

Basi mapezi yakianza kuliwa, kila mtu hugeuka daktari. Mmoja atasema tia chumvi. Mwingine atasema chemsha mwarobaini. Wa tatu huyo, mbio mpaka duka la agroveti akanunue ile poda ya kuku aimwage majini. Maoni yangu nayatoa kinagaubaga: dawa ya kwanza ni maji safi, na anayeanza na poda ameanzia mwisho.

Kwa nini? Bakteria wanaoozesha mapezi hawatoki mbali. Wengi wao huishi majini siku zote, na samaki mwenye afya hawamwezi. Humvamia akidhoofika. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo amonia humchoma. Samaki wakisongamana huumana, na wavu mbaya huwachubua. Ongeza hapo baridi yetu. Betta asili yake ni Thailand na nchi jirani, na hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 28. Wewe umweke kwenye chupa dirishani mwezi wa Julai, kisha ushangae akiugua! Ngege pia ni samaki wa joto. Anayefurahia baridi hii ni trauti, ndiyo maana alipoletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na kutiwa katika mto Gura, alistawi.

Kwa hivyo ukiona pezi bovu, litazame kwanza. Likiwa limepasuka tu bila kubadilika rangi, pengine samaki amejikwaruza au ameumwa. Likiwa na ncha nyeupe, nyeusi au nyekundu, na linazidi kufupika, huo ni uozo. Iwe hivi au vile, badilisha robo ya maji, ondoa uchafu ulio chini na upunguze chakula. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, na yawe na joto sawa na yale ya tangi. Rudia kila baada ya siku moja au mbili. Ikiwa shina la pezi halijaliwa, pezi litaota tena. Utaona kwanza ukingo mwembamba unaopitisha mwanga, kisha rangi. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Haraka haraka haina baraka.

Chumvi naiunga mkono, mradi ipimwe. Kwa betta, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4 za maji kinatosha, kiyeyushwe kwanza, na isizidi siku 10. Ukimwaga ovyoovyo, ile osmosisi tuliyofundishwa darasani itamnyonya maji mwilini.

Na majani je? Hapa najua nitapingwa. Wafugaji wa betta huko Asia hutumia majani makavu ya mkungu, mti ule ule unaowapa watu kivuli Mombasa na Lamu. Majani hayo hutoa tanini, maji yakageuka rangi ya chai, na tanini huzuia baadhi ya bakteria. Mwenye shangazi Pwani na aagize. Lakini wanaosema kwamba kila kitu cha asili ni salama wamekosea. Utupa ni mmea wa asili, na wavuvi wa zamani waliutumia kuua samaki! Mwarobaini nao ukizidi huwaua vilevile. Tena tuseme ukweli: wazee wetu walijua dawa za mbuzi na ng'ombe, lakini Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Dawa ya samaki hatukurithi. Anayekuambia eti ni ya mababu, muulize mababu wa nani.

Nikirudi kwenye ile poda, wengi hawajui inafanya nini. Ndani ya tangi huua pia bakteria wazuri wanaovunja amonia, kwa hivyo maji huharibika zaidi. Katika kidimbwi, mabaki yake huweza kubaki katika nyama tunayokula. Na bakteria wakizoea dawa, kesho tukiugua sisi, dawa hiyo haitafua dafu.

Utaniuliza, je, samaki akizidiwa tumwache afe? La hasha! Aulizwe daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi, mgonjwa atengwe katika chombo chake, dawa ipimwe na imalizwe. Na kama ni samaki wa kuliwa, asiingie jikoni kabla siku alizotaja daktari hazijaisha.

Pendekezo langu kwa walimu na viongozi wa vyama ni dogo. Kila tangi na kila kidimbwi kiwe na daftari: maji yalibadilishwa lini, na nani, na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Mtu akija kuomba pesa za dawa, aonyeshe daftari kwanza. Asiye nalo apewe ndoo.

Anayenipinga na aandike toleo lijalo. Kalamu anayo.