Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: tutajie na yuniti

Mheshimiwa Waziri,

Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Kila mwezi tunachanga, na kila mwezi tunagombana. Mama mwenye nyumba kapiga marufuku pasi kwa kuwa "inakula umeme", ilhali taa ya ulinzi ya wati 100 inawaka uani toka magharibi hadi alfajiri. Siku moja nikachukua kalamu. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa inakula nusu yuniti. Taa ile, ikiwaka saa 12 mfululizo, inakula yuniti 1.2. Nilipomwonyesha hesabu alinitazama kama niliyemvunjia heshima.

Simlaumu, maana hata wanaotupasha habari wanachanganya. Nimesikia redioni kwamba Bwawa la Julius Nyerere linazalisha "megawati 2,115 kwa saa". Mwingine akasema "kwa mwaka". Wote wamekosea. Megawati ni kasi; muda umo humo humo ndani. Muulize nahodha wa boti ya Zanzibar: fundo moja ni mwendo wa maili moja ya bahari kwa saa. Ukimwambia chombo chake kinakwenda mafundo 25 kwa saa, atajua hujawahi kushika usukani.

Mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja ndiyo hiyo 2,115. Yote ikizunguka kwa nguvu zake zote saa nzima, inatoa yuniti 2,115,000, yaani kilowati-saa, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Ikienda hivyo mwaka mzima ingetoa yuniti bilioni 18 na nusu. Haitatokea. Rufiji ya kiangazi si Rufiji ya masika, na usiku wa manane nchi imelala, haina kazi na umeme wote huo. Mwananchi anayetajiwa megawati peke yake anadhani ni shehena iliyokwisha kupakuliwa. Umeme ukikatika jioni, anaona kaongopewa.

Ndiyo maana naomba, kila mtambo unapotangazwa, zitajwe namba mbili: megawati, na yuniti zinazotarajiwa kwa mwaka. Kwenye jua ndiko hasa kunakohitajika. Megawati 50 za jua kule Kishapu zinalala magharibi. Megawati 50 za gesi pale Kinyerezi zinaweza kukesha. Kwa megawati ni sawa, kwa yuniti haziwezi kuwa sawa hata kidogo.

Ombi la pili ni dogo. Kwenye ule ujumbe wa simu unaoleta tokeni, tuongezewe mstari mmoja: yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Nitamsomea mama mwenye nyumba. Pasi yangu iko chini ya kitanda, inasubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, chumba cha tatu
Dar es Salaam