Acheni Kuhesabu Kilomita, Hesabuni Watu

Usiku wa siku ya mwisho wa mwezi, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuna mtu mzima anayezunguka nyumba yake mwenyewe. Ni saa tano na nusu. Anatoka getini hadi kwenye tangi la maji, anageuka, anarudi, simu mkononi. Mbwa wa jirani wanabweka. Mkewe anachungulia dirishani. Amebakiza kilomita mbili kutimiza mia moja za mwezi, na saa sita ikigonga hesabu inafungwa. Zikitimia anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye grupu la mbio, na pongezi zinamiminika: “Hongera mkuu!” “Chuma hicho!” “Mashine!” Asubuhi anashuka kitandani kwa kushika ukuta.

Tusimcheke, maana tumemtengeneza sisi. Tumejiaminisha kwamba mkimbiaji wa kweli hupimwa kwa kilomita, kwamba mwenye nyingi ndiye mwenye nidhamu, na aliyelala siku mbili ni mvivu wa kutaniwa mpaka aone haya. Kila tarehe mosi jedwali jipya la kilomita linabandikwa grupuni, na watu wazima wenye kazi na familia wanaanza kufukuzana. Imani hiyo ni ya uongo. Kilomita za mwezi hazipimi afya wala nidhamu. Zinapima nani ana muda, na nani yuko tayari kuumia ili aonekane.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kilomita 100 kwa siku 30 ni kilomita tatu na ushei kwa siku. Hakuna cha kutisha hapo. Lakini mtoto akiugua wiki ya pili, mvua ikinyesha wiki nzima ya tatu, mtu anajikuta amebakiwa na siku saba na kilomita 45. Zile tatu zinageuka kuwa zaidi ya sita kila siku, mfululizo, kwa miguu iliyokuwa imekaa. Mwanzoni mwa mwezi alikuwa anafanya mazoezi. Mwishoni analipa deni. Naye anayemdai ni kalenda ya ukutani, kitu ambacho goti halikijui.

Mwili una utaratibu wake. Mazoezi hukuchosha na kukubomoa kidogo, halafu chakula na usingizi ndivyo vinavyokujenga upya, imara kuliko ulivyokuwa. Anayefuta mapumziko amefuta nusu ya mazoezi. Tena viungo havijengeki kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huzoea upesi: baada ya wiki chache anayeanza huona kilima kilichokuwa kikimkata pumzi kimelainika. Kano na mifupa huchukua miezi. Mfupa unaogongwa na lami kila siku huondoa kwanza sehemu iliyochoka ndipo ujenge mpya, na katikati ya kazi hiyo huwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Ndiyo maana mwenye pupa haumii siku ya kwanza. Huumia wiki kadhaa baadaye, wakati anajisikia ana nguvu kuliko siku zote na jedwali linamwambia aongeze.

Hapo ndipo ugoko unapoanza kuchoma. Akiusikiliza, siku chache za kupumzika zinaweza kutosha. Akiendelea kukimbia kwa sababu amebakiza kilomita 18 ashike nafasi ya tatu, mchomo ule unaweza kuishia kwenye ufa wa mfupa, na hapo anazungumzia wiki nyingi bila kukimbia hata hatua moja. Jedwali halina safu ya kuandika hayo. Mwezi unaofuata jina lake linakosekana tu, na hakuna anayeuliza. Kumpima mkimbiaji kwa kilomita pekee ni sawa na kumpima mpishi kwa kuni alizochoma.

Watetezi wa jedwali wana majibu mawili. La kwanza: “Mbona Wakenya wanakimbia kilomita 200 kwa wiki?” Ni kweli, Eliud Kipchoge anajulikana kwa mazoezi ya kiasi hicho. Lakini Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza, kule Hamburg, aliikimbia mwaka 2013. Miaka kumi ya kujengeka imekaa katikati. Kukimbia ndiyo kazi yake, na kulala mchana ni sehemu ya kazi hiyo. Wewe umekaa ofisini kutwa, ukakaa tena kwenye foleni ya Ubungo, ukala saa nne usiku, na saa kumi alfajiri kengele ya simu inalia. Halafu mtazame bingwa siku yake ya mazoezi mepesi, Iten au Kaptagat kule Kenya: anakwenda polepole kiasi cha kupiga soga na wenzake. Sisi siku nyepesi hatuna, kwa kuwa kila siku tunashindana na picha ya skrini ya mtu mwingine.

Na wanaomtaja Kipchoge husahau jambo moja. Alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, walikuwepo wasindikizaji 41 waliopokezana kumkinga upepo na kumshikia kasi. Binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya saa mbili hakuthubutu kujaribu peke yake. Sisi tumeuchukua mchezo huo tukaufanya mbio za kila mtu na simu yake.

Jibu la pili ni picha ya John Stephen Akhwari. Kila anayetaka kupumzika hurushiwa picha ile: Mtanzania mwenye bandeji mguuni, Mexico City, Oktoba 1968, akiingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho wao. Heshima ile haitafutika. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, siku moja, mbele ya dunia, kwa niaba ya nchi iliyomtuma. Haikuwa Jumanne ya kawaida pale Mikocheni. Tena wanaoigeuza picha hiyo kuwa fimbo ya kuwachapia wenzao hawasemi kilichofuata: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano. Goti lililoumia Mexico halikumpeleka Edinburgh. Lililopona ndilo lililompeleka.

Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote liko nyumbani. Tazama walio juu ya jedwali. Mara nyingi ni wanaume, na saa kumi na moja alfajiri mtu anafunga kamba za raba na kutoka. Nani anawaamsha watoto? Nani anawasha jiko, anatafuta soksi ya pili, anakimbilia basi la shule linalopita kabla ya jua kuchomoza? Nyuma ya kilomita 300 za baba kuna chai iliyopikwa na mtu mwingine. Mama huyo naye yumo grupuni, nafasi ya kumi na tisa, kilomita 22, na mbele ya jina lake mtu ameweka katuni ya kobe. Alfajiri hawezi kutoka peke yake, giza si salama kwake. Zile 22 amezipata Jumamosi kwa kumwomba mdogo wake amshikie mtoto. Zimemgharimu kuliko 300 za bingwa. Jedwali lisiloweza kusema hivyo linasema uongo, hata kama kila tarakimu ndani yake ni sahihi.

Ramadhani ikiingia, jedwali ni lile lile. Nusu ya grupu imefunga, inakimbia kidogo kabla ya futari au baada ya tarawehe, na bado inapangwa mstari mmoja na aliyekunywa maji yake saa nne asubuhi. Na kwa kuwa tarakimu ndiyo inayopigiwa makofi, wajanja hawakosekani: simu imefungwa kwenye baiskeli ya mtoto, saa ya mkononi imepanda bodaboda, kilomita tano zimekwisha kwa dakika kumi na mbili, kasi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifikia. Watu wanacheka, admini anafuta, mwezi ujao yanarudi. Tunamlaumu mdanganyifu huku tukiacha kipimo kinachomlea.

Sisemi chalenji zifutwe. Bila grupu wengi wetu tungekuwa kitandani, na kuna watu walioanza na chalenji ya mwezi mmoja leo wanapanda kwenda Moshi kila mwaka kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Msukumo wa wenzako ni dawa ya kweli. Ninachokipinga ni kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Linahesabu dakika. Kwa dakika, shangazi anayetembea kwa haraka na kijana anayekata kilomita kwa dakika nne wamesimama uwanja mmoja.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, safu inakwenda kwa mwendo wa wote. Klabu za jogingi za mitaani bado zinafanya hivyo kila mwisho wa wiki, fulana za sare, filimbi mbele, kina mama katikati, wazee nyuma. Wenye saa za kupima mapigo ya moyo huwacheka. Lakini huwezi kuitikia wimbo ukiwa umeishiwa pumzi, kwa hiyo wimbo wenyewe unawashikilia watu kwenye mwendo mwepesi, ule ule ambao makocha wanataka uchukue sehemu kubwa ya mazoezi. Kipimo hicho hakihitaji chaji wala bando.

Tatizo la wenye kasi tofauti nalo lina ufumbuzi wa filimbi moja. Chukueni Daraja la Tanzanite, au barabara yoyote tulivu. Wote mnaanza pamoja, baba, mama, binti wa miaka kumi na miwili, shemeji aliyejifungua mwaka jana, babu anayetembea. Kila mmoja anakwenda mbele kwa mwendo wake, dakika 15. Muda ukifika filimbi inalia, na aliye mbali asiyeisikia anatazama saa yake. Wote wanageuka pale pale walipo. Babu, aliyekuwa wa mwisho, sasa anaongoza. Baba mwenye mbio ameshafika mbali na inambidi awafukuzie. Kila mtu akishika kasi aliyoanza nayo, wanafika walikoanzia kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemchelewesha mwenzake, hakuna aliyeachwa, na aliyekuwa akilalamika kwamba familia inamharibia mazoezi amepata dakika 15 za kukimbia kwa bidii kuliko ambavyo angekimbia peke yake. Binti naye atadai mrudi Jumapili, kwa sababu amefika pamoja na baba yake.

Basi, maadmini wa magrupu, tarehe mosi inakuja. Jedwali lijalo lipangeni hivi. Kila mtu aandikiwe siku alizotoka, zisizozidi tano kwa wiki, na atakayetoka siku ya sita asipewe chochote. Wekeni nukta ya ziada kwa aliyetoka na mtu wa nyumbani kwake au mwanachama mpya. Wekeni safu ya mapumziko, ijazwe bila aibu. Anayeumwa aandikwe “mgonjwa” na apewe mtu wa kumjulia hali, asifutwe. Mwezi wa mfungo, kila mtu ajiwekee lengo lake na apimwe kwa hilo. Na mwisho wa mwezi, badala ya kutangaza mfalme wa kilomita, tangazeni idadi mbili tu: tulioanza, na tuliobaki.

Grupu lililoanza na watu thelathini likamaliza na kumi na wawili halina bingwa hata kama wa kwanza amekimbia kilomita 400. Limepoteza watu kumi na wanane. Wapigieni simu kabla hamjabandika jedwali jipya.